Miaka sita Zoraida aligoma kuandaa bakuli la pili

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi. Zoraida Tigrero anainama juu ya ubao wa mteja wa kupandia mawimbi, anatoa ulimi na kuulamba.

Haulambi kwa utani. Anapitisha ulimi palepale kwenye ufa, mara mbili, kisha anafumba macho na kunyamaza kama mtu anayeonja mchuzi wa shughuli. Mwenye ubao, kijana wa Kiargentina aitwaye Facundo, amesimama kando kifua wazi, hajui acheke au aondoke.

"Bado," Zoraida anasema na kutema mate pembeni. "Una chumvi."

"Lakini Doña, nimeufuta! Hebu gusa, mkavu kabisa."

"Mkavu nje. Mimi nakupa habari za tumboni. Njoo Jumapili."

"Jumapili? Mawimbi makubwa yanaingia kesho! Nimetoka kwetu kote kule kwa ajili ya haya mawimbi. Nitakulipa mara mbili."

"Hata mara kumi."

"Basi naupeleka kwa fundi mwingine."

"Upeleke, baba. Tena kimbia wasije wakafunga. Ukirudi mzima, njoo unicheke."

Facundo anautazama ubao wake, anamtazama mwanamke huyu mfupi mwenye aproni iliyokakamaa kwa gundi, anashusha pumzi. Anauacha. Karibu wote huishia kuuacha.

Hapa Punta Candelilla mafundi wa mbao za kupandia mawimbi ni watatu. Wawili wana vipimo vya unyevu vyenye taa nyekundu na kijani. Zoraida, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, ana ulimi. Kazi hii ameifanya kwa miaka ishirini na tatu katika banda la mianzi nyuma ya mtaa wa baa. Tundu dogo anaziba kwa dola kumi na tano, ubao uliokatika vipande viwili kwa arobaini. Wiki ya sikukuu ya wafu, mabasi ya kutoka mji wa Guayaquil yanapoanza kumwaga watu, hupokea mbao zisizopungua thelathini.

"Ubao una ngozi ya faiba, na ndani una povu gumu," anaeleza huku akipiga msasa. "Ngozi ikipasuka, lile povu linakunywa bahari. Sasa wewe una haraka, unafunga kidonda. Umefungia bahari ndani. Kwenye wimbi dogo huoni kitu. Likija wimbi kubwa, maji ya ndani yanawaitikia wenzao wa nje, na kiraka kinang'oka."

Anayasema hayo bila kuinua uso. Halafu anasimamisha msasa, na hapo ndipo unapoisikia sauti. To. Kimya. To.

Inatoka nyuma ya banda. Huko, kwenye boriti ya mwisho, umening'inia ubao wa njano, mkia juu, pua chini, wenye tundu la ukubwa wa kiganja. Chini yake kuna beseni la bati. Tone linajikusanya kwenye pua ya ubao, linanenepa, linadondoka.

Ubao huo uliokotwa baharini miaka sita iliyopita. Tangu hapo haujagusa maji tena, na hadi leo unachuruzika.

Kila asubuhi, akishamaliza mbao za wateja, Zoraida huenda kuulamba na huo. Huwa wa mwisho. Hufanya upesi, humwaga maji ya beseni mlangoni, hurudi kazini.

"Jana ulikuwa na chumvi," anasema. "Leo una chumvi."

Wapo wasemao ni manyunyu tu, haya yanayoifunika pwani yetu kuanzia Juni na kuozesha hata nguo zilizo sandukuni. Mhandisi mmoja aliyepanga hosteli ya jirani alikuja na kalamu yake, akapiga hesabu za unyevu wa hewa. Zoraida alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akamchotea kikombe kutoka kwenye beseni. Mhandisi hakumaliza hesabu. Mwandishi wa makala haya naye alichovya kidole akaonja, na hana la kuongeza: ni maji ya bahari, tena ya baridi, kama yametekwa sasa hivi.

Ubao huo ulikuwa wa Wilmer, mwanawe wa pekee.

Wilmer Yagual alikuwa na miaka ishirini na miwili, akifundisha wageni kupanda mawimbi. Alikuwa mtu wa kucheka na kula. Ukimtafuta na hayupo majini, ujue yuko kwa Felícita Lindao, mwenye kibanda cha supu kilichopakana ukuta na banda la Zoraida. Felícita anauza encebollado, ile supu ya jodari na muhogo inayofunikwa vitunguu vya ndimu, na bisi pembeni. Wilmer alikuwa na kiti chake pale, cha mwisho, kinachoegemea ukuta wa mama yake.

Zoraida anaikumbuka asubuhi ile ya Machi neno kwa neno.

"Alikuja na ubao umepasuka tangu jana yake. Mawimbi yalikuwa yamefika, yale ya juu kama nyumba. Akasema, mama, nizibie chapuchapu, wenzangu wako majini. Nikaulamba. Una chumvi. Nikamwambia, bado, mwanangu. Akanibusu hapa," anagusa utosi wake kwa mkono wenye vumbi, "akaniambia, ulimi wako umezeeka, mama. Nikacheka. Nikauziba."

Anaacha kupiga msasa.

"Nilijua. Hilo usilifiche ukiandika. Nilionja, nikajua, nikaziba."

Ubao ulirudi siku ya nne, peke yake, kwenye ghuba ya pili upande wa kusini. Kamba ya mguuni ilikuwepo. Kiraka hakikuwepo, na Wilmer hakuwepo. Wavuvi walimtafuta majuma mawili. Walisema ni mkondo, ni mwamba, ni mipango ya Mungu.

"Walinipa pole, na mimi nikashukuru," anasema. "Ila nilichokionja nakijua mimi."

Kwa watu wa pwani hii, aliyekufa hula mara moja kwa mwaka. Tarehe mbili Novemba unamwekea mezani alichokipenda, unashusha pazia, unatoka nje, unamwacha ale kwa nafasi yake. Hakuna kuchungulia. Ikifika adhuhuri mnaingia kula kilichobaki. Chakula mtakikuta vilevile, hakijapungua hata tonge; ila ukikitia mdomoni hakina ladha. Hapo unajua ameshakula.

Kila mwaka Zoraida alimwandalia mumewe, Nicanor, aliyefariki kwa kisukari. Mchuzi wa mbuzi, bia moja, sigara mbili. Sahani ilikuwa hiyo moja tu. Bakuli la pili aligoma kuliweka.

"Nikimwekea Wilmer bakuli nimemzika," anasema. "Na nikimzika, basi ni mimi niliyemuua. Sikuweza. Nilikuwa naogopa, nakwambia kweli. Mwanamke mzima, naogopa bakuli."

Huo ndio ugomvi wa miaka sita kati yake na mama mkwe wake, Hermelinda, bibi wa miaka themanini na sita anayeshinda bandani kwenye kitanda chake cha kamba. Macho yameshamwishia. Mdomo bado mzima kabisa.

"Mtoto ana njaa," husema, hata kama hakuna aliyemuuliza.

"Mama, tusianze."

"Nianze? Mimi sijawahi kuacha."

Mwaka huu mambo yalianza na kiti. Tangu Agosti, kile kiti cha mwisho kwa Felícita kikawa kinalowa. Felícita alikuwa akikifuta, anageuka kuchota supu, akirudi kimelowa tena. Watalii waliokikalia bila kujua waliondoka na kaptura zinachuruzika maji, na mtaa mzima ukavunjika mbavu. Halafu supu nayo ikaanza kupotea ladha. Vicheko vikakoma.

Felícita si mtu wa kumezea. Ijumaa ya sikukuu, foleni ya wageni wenye macho mekundu ya pombe za jana ikiwa imefika barabarani, alimwachia dada yake kaunta, akaingia bandani kwa Zoraida na bakuli mkono mmoja, upawa mkono wa pili.

"Onja."

"Felícita, nina kazi."

"Onja, shoga! Si wewe bingwa wa kulamba? Basi lamba na hii."

Zoraida akaonja. Jodari alikuwa laini, muhogo umeiva, vitunguu vinang'aa. Lakini ilikuwa sawasawa na kumeza mvuke.

"Nimetia chumvi konzi tatu," Felícita alisema. "Tatu! Alfajiri nikiionja inakata ulimi. Ikifika saa mbili hamna kitu. Mtu mzima wa Quito, na miwani yake, kaniuliza kama nimemchotea maji ya kuoshea vyombo. Mimi! Miaka thelathini na moja nasimama hapa!"

"Sasa unataka nifanye nini?"

Felícita akateremsha sauti, jambo ambalo mtaa huu haujalizoea.

"Unajua ni nani alikuwa anakaa kiti kile."

"Nyamaza."

"Nimenyamaza tangu Agosti. Sikatai ale. Alikuwa mtoto wangu na mimi, nimemlisha hata meno hajaota. Lakini shoga yangu, anakula sufuria nzima na hashibi. Kwa sababu siyo kwao. Wewe hujamwita, ataingia vipi? Anabaki hapo ukutani."

"Nimesema nyamaza!"

"Mwambie, Felícita, mwambie!" Hermelinda akadakia kutoka kitandani. "Mimi mwaka huu naondoka, najijua. Nikifika huko nikamkuta mjukuu wangu amekonda, akaniuliza, bibi, mama yuko wapi? Nimjibu nini? Mama yako anapiga msasa?"

Nyuma ya banda hapakusikika tone. Zoraida akageuka kutazama, na Felícita akamfuata kwa macho. Lile beseni, alilolimwaga muda usiofika hata saa moja, lilikuwa limefurika. Maji yalikuwa yametambaa sakafuni, mstari mmoja mwembamba ulionyooka, kuelekea ukuta wa Felícita.

Felícita akafanya ishara ya msalaba na upawa wake mkononi.

Zoraida alichukua kitambaa, akapiga magoti, akaanza kufuta. Alifuta taratibu, kuanzia ukutani kurudi kwenye ubao. Katikati ya njia akasimamisha mkono. Wale wanawake wawili wakamsikia akisema kwa sauti ya chini, wala hakuwa akiwaambia wao.

"Nimekuacha na njaa. Jamani, mwanangu. Nimekuacha na njaa."

Jumamosi asubuhi aliulamba ubao wa Facundo. Chumvi imekwisha. Akaukatia kitambaa cha faiba, akaupaka gundi, akauegemeza ndani, kando ya mlango, gundi igande. Ule wa njano ulikuwa na chumvi kama kawaida yake. Saa tisa alasiri, Felícita akiosha sufuria, Zoraida alivua aproni, akachana nywele, akazunguka kwa mbele kama mteja.

"Kesho nahitaji bakuli moja," alisema.

"La nani?"

Felícita alijua vizuri la nani. Lakini huku bakuli la aliyekufa haliagizwi kwa kuzungukazunguka. Sharti jina litajwe mbele ya chungu, lote, na anayeagiza atamke mwenyewe. Lisipotajwa, chakula hakimjui mwenyewe.

Zoraida alikisogelea chungu. Nyuma yake gari la vinywaji lilikuwa linashusha barafu, na wasichana wawili watalii wa Cuenca walikuwa wanapigana picha na kofia zao mpya.

"La Wilmer."

"Wilmer nani?"

"Felícita, usinifanyie hivyo."

"Ndivyo inavyosemwa, shoga. Mimi sikuongezei uchungu."

"Wilmer Yagual Tigrero," Zoraida alisema. "Mwanangu. Marehemu."

Neno hilo la mwisho lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake. Felícita alijifuta macho kwa mkono wenye povu la sabuni, akajiumiza, akatukana kidogo. Kisha, kwa kuwa hawezi kukaa kimya, akauliza, "Na bisi?"

"Bisi nyingi. Na usimkamulie ndimu juu, hapendi."

"Unanifundisha mimi?"

Jumapili, tarehe mbili, meza iliandaliwa katika chumba kidogo nyuma ya banda. Kitambaa cheupe, mshumaa, mkate. Mchuzi wa mbuzi wa Nicanor upande wa dirisha. Upande wa ukuta, bakuli la Wilmer likifuka moshi, kijiko kimelazwa kulia, na kilima cha bisi. Zoraida alivuta kiti nyuma kidogo, kama unavyomvutia mtu aliyechoka. Akashusha pazia. Wakatoka wote, yeye, Hermelinda na Felícita, wakakaa kwenye benchi la nje, wameuelekea mtaa.

Mtaa ulikuwa umefura. Baa tatu zilikuwa zinashindana, regetoni kushoto, kumbia kulia, na katikati muziki usio na jina wa kupasua masikio. Watu walipita na mbao kwapani, nazi mkononi, mchanga hadi nyusi. Ndipo Facundo akatokea.

"Doña, leo Jumapili. Nimekuja kuchukua ubao."

"Uko ndani. Kaa."

"Nitauchukua mara moja tu, nipite..."

"Kaa, mtoto!" Felícita alimwambia, na Facundo akakaa.

Zilikuwa zimebaki dakika kama ishirini kufika adhuhuri umeme ulipokatika. Hukatika mara kwa mara huku, si habari. Lakini baa zote tatu zilizimika kwa pamoja, na watu mtaani wakanyamaza kidogo, kama wanavyofanya kabla ya kuanza kupiga miluzi. Ukimya huo haukuzidi nusu dakika. Ilisikika bahari. Na karibu zaidi kuliko bahari, nyuma ya pazia, kilisikika kijiko.

Kiligonga bakuli. Kikakwangua. Kikatulia, kikagonga tena. Hakikuwa na pupa.

"Nani yuko ndani?" Facundo aliuliza.

"Watu wa nyumbani," Hermelinda alimjibu. "Tulia, mwanangu. Waache wale."

Zoraida anasema aliutambua mkono. "Wilmer alikuwa anakwangua bakuli hata supu haijaisha. Tangu mdogo namgombeza kwa hilo, utatoboa bakuli, wewe! Nikakisikia kijiko. Miguu yangu yote ikataka kuingia. Ningeingia, nakuapia, ningelipasua lile pazia. Felícita akanishika hapa." Anapandisha mkono wa shati. Alama za vidole vinne bado zipo, za zambarau.

Felícita hakani. "Nilimshika na ningemvunja kama ingebidi. Mtoto kangoja miaka sita, halafu mama amkatishe chakula?"

Umeme ukarudi, muziki ukapasuka kutoka pande tatu, mtaa ukashangilia. Kijiko hakikusikika tena.

Adhuhuri waliinua pazia. Supu ilikuwa imejaa hadi ukingoni, vitunguu juu havijaguswa, bisi ni kilima kilekile. Kiti kilikuwa kimelowa. Kijiko, kilichoachwa kulia kwa bakuli, kilikuwa ndani ya supu.

Wakakaa kula, kwa sababu ndivyo inavyofanywa, na mgeni naye hapitwi. Felícita, aliyeipika na kuitia konzi zake tatu, alimeza kijiko kimoja akafumba macho. Hamna kitu. Mchuzi wa mbuzi, hamna kitu. Hata bia, Hermelinda alilalamika, mwanangu hakunibakizia hata uchungu wake. Facundo alitafuna mara chache, akatazama huku na huku, akauliza kwa upole wote kama angeweza kupata chumvi kidogo. Bibi kizee alicheka hadi akapaliwa.

Zoraida hakucheka. Alikuwa amesimamisha kichwa.

"Nilisikia kwamba sisikii," anasema.

Alisimama, akaenda nyuma ya banda. Pua ya ubao wa njano ilikuwa kavu. Beseni lilikuwa na maji ya asubuhi, na juu ya maji palikuwa pametanda vumbi la msasa, halijatikiswa na tone lolote. Kisha akatoa ulimi, akalamba ukingo wa tundu, mara mbili, kama anavyofanya kwa mbao za watu wote. Akatia kidole ndani kabisa, kwenye povu, akakilamba na hicho.

Hapakuwa na chumvi. Palikuwa na ladha ya ubao tu, na vumbi.

Aliukumbatia. Ulikuwa umening'inia kichwa chini, kwa hiyo aliukumbatia mkiani, mikono imezunguka pale miguu ya Wilmer ilipokuwa ikikaa, akalia kwa sauti. Felícita anasema mtaa mzima ungesikia kama si ile kumbia. Facundo alisimama mlangoni na ubao wake kwapani, kofia ameivua, hajui pa kutazama.

Jumatatu mapema ilizuka vurugu kwenye kibanda cha supu. Felícita, kwa mazoea, alikuwa ametia konzi tatu za chumvi. Supu iliwaka. Wateja walipiga kelele, mmoja alimwaga chini, mwingine alikimbilia nazi. Felícita alisimama katikati ya matusi hayo yote anatabasamu kama bibi harusi, mikono kiunoni. Kisha akakalia kiti cha mwisho. Kilikuwa kikavu.

Facundo aliingia majini asubuhi hiyohiyo na mawimbi hayakuwa madogo. Saa nne alirudi mzima, akaja bandani kumcheka fundi kama alivyoalikwa. Badala ya kucheka alijikuta ameshika mwisho mmoja wa ubao wa njano, Zoraida mwisho wa pili, wakiuteremsha kutoka kwenye boriti. Waliulaza kwenye meza, kidonda juu.

"Hauuzwi," Zoraida alimwambia kabla hajafungua mdomo.

Mpango wake ni huu. Tangu Machi ile hajatia hata kisigino baharini, yeye anayeishi hatua mia mbili kutoka majini. Desemba, maji yakianza kupata joto, anataka kuulalia ubao huo kifudifudi, apige makasia kwa mikono hadi nje ya mwamba, pale Wilmer alipoonekana mara ya mwisho. Akifika ageuke, arudi. Hataki wimbi. Anataka kwenda na kurudi.

"Na mwili huo?" Felícita alisema kupitia ukutani. "Utauzamisha, shoga."

"Nitakubeba na wewe tuzame wote."

"Mimi nitakuwa ufukweni na supu. Ukirudi utakuwa na njaa."

Hermelinda, aliyeahidi kufa mwaka huu, anasema ataahirisha ili ashuhudie.

Ijumaa iliyofuata, mwandishi alipokwenda kuaga, jua la kwanza baada ya majuma mengi lilikuwa limeingia bandani hadi mezani. Ubao wa njano ulikuwa palepale, tundu lake wazi. Kitambaa cha faiba kilikuwa kimeshakatwa kwa kipimo, kimekunjwa kando. Kopo la gundi lilikuwa halijafunguliwa. Felícita alikuwa ameegemea mlango, akimenya vitunguu.

"Bado tu?" aliuliza. "Leo siku ya tano. Si ulisema umekauka?"

"Umekauka."

"Umelamba leo?"

"Nimelamba. Hauna chumvi."

"Sasa unangoja nini, mwanamke? Ziba!"

Zoraida aliuwekea kiganja ule ubao, pale kwenye kidonda, kama unavyompima mtoto homa.

"Nangoja tu," alisema. "Safari ile sikungoja."